Mvinyo Niliousingizia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa jaladani. Hujulikana kwa jina la utani, Mfaransa.
Umri: Miaka 46
Kazi: Msimamizi wa wahudumu, mgahawa wa hoteli
Makazi: Nyumba za kupanga, nyuma ya soko la mbao

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe, na nimechelewa kuja.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa sita mchana, nilifika nyumbani kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikuwa amestaafu uhandisi wa barabara, akawaalika wenzake kwa chakula. Siku hiyo angefungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa aliyopewa na mhandisi mwenzake mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Binti huyo sasa naye ni mama. Miaka yote hiyo chupa ilikuwa imelazwa stoo, gizani, na ufunguo wa stoo hukaa kwa mpishi. Mpishi ni mtu mzima kunizidi. Zamani alikuwa mnywaji, na pale nyumbani hakuna asiyejua kwamba aliacha.

Mimi naitwa Mfaransa kwa sababu hotelini huwafungulia wageni mvinyo na sikosi maneno ya kuusifia. Ukweli ni kwamba ninaouza ni wa juzijuzi tu. Mvinyo uliozeeka nilikuwa sijawahi kuutia mdomoni, na hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Shemeji alinikabidhi chupa mbele ya wageni, akasema, "Mtaalamu, kazi kwako."

Nilikata kifuniko cha bati shingoni mwa chupa kwa mkono wangu. Kilikuwa kizima, hakijaguswa. Kizibo kilikuwa kimeng'ang'ania kioo, kikakatika, nikakitoa vipande vipande. Nikamimina kwenye glasi yangu kwanza.

Rangi ilinishtua. Nilitegemea wekundu wa damu. Niliona rangi ya tofali, pembeni imefifia kama chai iliyozidishwa maji, na chini mashapo. Nilinusa nikapata harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Nilionja. Ulikuwa mwembamba, mkavu, umejikunyata kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Mezani wote walinikazia macho. Neno "sijui" lilinifika ulimini, nikalimeza.

Nikasema, "Shem, huu umechezewa. Kuna mtu kaunywa, kajazia kitu kingine."

Shemeji hakuuliza kitu kingine. Alimwita mpishi, akaja na aproni yake. Akaambiwa ameshitakiwa nini.

Alisema, "Mzee, pombe niliiacha. Hata hiyo chupa nilikuwa naipangusa vumbi tu."

Mgeni mmoja akasema, "Mlevi haachi, hupumzika." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Mpishi alinitazama mimi, hakumtazama aliyesema. Akaniuliza, "Bwana Mfaransa, una hakika?"

Nilimjibu, "Ulimi wangu haudanganyi."

Shemeji akapiga simu, na polisi wawili walifika kabla ya saa nane. Walipokuwa wanamtoa, alichosema ni, "Kuna sufuria motoni, mtu akapunguze." Hakuna aliyeinuka. Wali uliungua, tukausikia harufu.

Shemeji aliimwaga chupa yote kwenye sinki. Wageni waliaga mmoja mmoja. Glasi yangu ilikuwa imebaki dirishani, nilipoiweka baada ya kuonja. Yapata saa kumi nilikwenda kuichukua nikaimwage. Kabla sijaifikisha kwenye sinki harufu ilinisimamisha. Ile ya chumba kilichofungwa ilikuwa imetoka. Ilikuwepo tumbaku kavu, sanduku la mbao, zabibu zilizokaushwa, na kitu kama udongo uliokunywa mvua. Nikaonja. Ukali ulikuwepo, ila ulikuwa umetulia, kama mtu aliyekuwa mkorofi ujanani na sasa anakueleza jambo kwa sauti ya chini. Nilimeza na ladha haikuondoka. Sijawahi kunywa kitu kizuri namna ile.

Hapo nilijua. Mvinyo haukuwa na kosa. Ulikuwa umefungiwa miaka yote hiyo, ukahitaji kupumua kidogo tu, nami sikuupa hata dakika tano.

Nimeulizwa iko wapi hiyo glasi iwe kielelezo. Nimejibu kwamba niliinywa yote. Nilijiambia naonja tena kuhakikisha, nikaonja tena, mpaka yakabaki mashapo. Dada aliingia akaniuliza nakunywa nini. Nikasema maji.

Nimeulizwa kwa nini sikuja jana ileile. Niliona aibu. Nilimwacha mtu alale sakafuni mahabusu kwa ajili ya aibu yangu.

Leo alfajiri nilimweleza mke wangu. Akasema, "Mimi unaniambia ili iweje? Mimi ndiye niliyemfunga?" Nikampigia shemeji. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Jana ulikuwa na hakika, leo una hakika. Nikuamini lini?" Akakata simu.

Nimeulizwa kama kuna uwezekano chupa ilifunguliwa kabla. Hakuna. Kifuniko nilikikata mimi, na kizibo kilikuwa kimegandana na kioo. Niliyaona hayo kabla sijafungua kinywa. Vyote vilibaki katika mfuko wa koti langu na nimevikabidhi.

Niliyoyasema ndiyo yaliyotokea. Nimesomewa, ni yangu, na sina la kujitetea.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami tarehe 15 Juni, saa tatu asubuhi. Nimepokea kifuniko cha bati na vipande vya kizibo. Mlalamikaji ameitwa, amefika, ameviona na kuondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa. Shahidi alisimama mlangoni, akamwomba radhi na kujitolea kumfikisha kwake. Mtuhumiwa aliniomba aproni yake, akaikunja, akamwambia shahidi, "Asante, njia naijua," akaondoka kwa miguu.