Wasia Ndani ya Koti

Baba,

Maziwa nilikuja nayo. Nataka ulijue hilo kabla sijakwambia jengine lolote. Nilishuka ngazi, nikavuka barabara mpaka dukani kwa yule Mhindi wa Mombasa uliyekuwa ukimsalimia kwa Kiswahili, nikarudi mbio na chupa mkononi, hata koti sikulifunga vifungo. Mjukuu wako Salma akanifungulia mlango, akanambia kwa hicho Kiingereza chake kuwa Babu kalala mezani. Nikamwambia mwache apumzike. Nikabandika chai, Baba! Nikasimama jikoni naisubiri ichemke huku nakusimulia habari za foleni dukani, na wewe umenipa mgongo, kimya, na mimi nazidi kukusimulia.

Arubaini yako imepita juzi na bado sijaamini. Watu wananambia, "Zuwena, kazi ya Mungu haina makosa." Naitikia, lakini moyoni nasema huyu mtu alikuwa kaagiza chai. Mtu aliyeagiza chai anakufaje? Kila asubuhi nikiingia jikoni nashtuka upya, kana kwamba habari ndiyo kwanza inanifikia.

Wiki tatu tu, Baba. Nimekaa huku ugenini Ilford miaka kumi na tatu nakuomba uje, unasema ngoja usajili uishe, ngoja mitihani ya chuo ipite, ngoja mahafali. Umestaafu, ukaja, nikapewa wiki tatu. Tena wiki tatu zenyewe sikukupata peke yangu. Siku ya nne tu watu walishajua Mheshimiwa yupo mjini. Mmoja kaleta fomu za uhamiaji umsomee, mwengine kaleta vyeti vya mwanawe umwambie kama vinafaa chuo. Ukawapokea kwenye meza yangu ya jikoni, miwani puani, kama uko ofisini. Nikaanza kuwajibu mlangoni kwamba umelala. Ukanisikia. Ukanambia, "Usiseme nimelala, Zuwena. Nimekaa."

Nilikasirika, na leo nakwambia kwa nini. Tangu niko mdogo, wewe uko Barazani, sebule yetu ilikuwa ya watu wa jimbo lako. Naamka kwenda skuli, wazee wamejaa kwenye viti, huyu kisima chake kimekauka, yule mwanawe kafukuzwa kazi. Mimi nataka unitazame daftari langu, unasema, "Ngoja mwanangu, hawa wametoka mbali." Ulipoacha siasa nikasema alhamdulillahi, sasa Baba wetu. Wapi! Ukawa msajili wa chuo, wakaja wanafunzi. Mama alikuwa akicheka, akisema yeye kaolewa na umma. Kafa mama na bado wapo uani wanakusubiri.

Kwa hiyo ulipokufa ulikuwa jikoni kwangu, na safari hii mimi ndiye niliyetoka mbali, zamu ni yangu. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Kwa kuwa ulikufa ghafla, wenye mamlaka hapa walisema hawatoi ruhusa ya kuzika mpaka mwili uchunguzwe. Siku nne. Siku nne hizo simu haikupumua. Kaka Hamadi anapiga kutoka nyumbani asubuhi, mchana, jioni. Kanambia kila kitu cha kukurudisha kiko tayari: nafasi kwenye ndege imepatikana, watu wa jimbo watakuja kiwanjani, wenzako wa zamani wa Baraza watalibeba jeneza, wanafunzi wako wa zamani watajipanga kuanzia getini mpaka msikitini. Nikamsikiliza. Kila anayemtaja namwona kakaa sebuleni kwetu. Mwisho akasema, "Zuwena, Mzee si wako peke yako." Hapo ndipo aliponichoma, kwa kuwa hata siku moja hukuwahi kuwa wangu peke yangu.

Siku ya nne mwili umetolewa, sheikh wa msikiti akaja nyumbani. Bi Asya, jirani yangu Mpemba, kakaa ubavuni mwangu kanishika mkono. Sheikh akauliza swali moja tu, kwa upole: "Marehemu kaacha wasia wowote juu ya maziko yake?"

Nikasema ndiyo.

Nikasema uliniusia kwa kinywa chako kwamba uzikwe hapohapo utakapofia. Sheikh akafurahi, akasema hivyo ndivyo inavyopendeza, maiti asicheleweshwe. Bi Asya akalia. Nikamwandikia Kaka kwa faksi: "Baba ameusia azikwe alipofia. Nami nimetekeleza wasia wake." Nikatia saini, nikaweka nakala, kwa kuwa wewe ulinifundisha kuweka nakala. Kaka hakupiga tena siku ile. Nani angebishana na wasia wako?

Nilisema uongo, Baba. Hukuniusia kitu. Hatukuzungumza kifo hata siku moja, tulizungumza baridi, na namna ninavyokaanga mandazi yakabaki mabichi ndani. Nilikutaka uwe mahali ambapo naweza kupanda treni Jumapili nikakukuta. Ni hilo tu.

Wanaume wakenda kukuzika, nikabaki na wanawake nyumbani. Wiki ya pili ndipo nilipokwenda kukuona. Treni, kisha basi, kisha mwendo kwenye tope la mfinyanzi linalong'ang'ania viatu. Ni mbali, Baba. Sikujua ni mbali vile. Umelala baina ya mtu wa Bosnia na bibi wa Kisomali, na juu yako kijiti kina namba. Wewe uliyewapa watu namba za usajili miaka yote ile! Nilicheka peke yangu makaburini, kisha nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Hapakuwa na mtu mwengine. Wewe, ambaye hujapata kukaa peke yako hata kunywa chai.

Hata hivyo nilijifariji. Nikasema, kazikwa Kiislamu, kaswaliwa, duniani kote ni ardhi ya Mungu.

Juzi, baada ya arubaini, Bi Asya akaja tutenge nguo zako za kutoa sadaka. Kanzu, shati zile tatu, kofia ya viua nikaificha, hiyo sitoi. Halafu koti zito nililokununulia, lile ulilosema linakufanya ufanane na dubu. Nikatia mkono mfuko wa ndani nitazame kama kuna kitu.

Karatasi, imekunjwa mara nne. Mwandiko wako. Juu umeandika Ilford, na tarehe, siku mbili kabla hujafa. Na Baba, hata hii uliipa kumbukumbu namba! Chini yake, "Yahusu: Maziko yangu," na umepiga mstari kwa rula ya Salma. Nilitabasamu kabla sijasoma.

"Nikifia ugenini, mkiweza, nirudisheni nikalale karibu na mama yenu. Nafasi ile nimeiomba na nimekubaliwa. Zuwena ndiye asimamie, maana yeye husema kweli hata ikimchoma."

Nilikaa chini sakafuni. Bi Asya akaniuliza, nini, nini? Nikakumbatia koti, basi.

Ulijua? Ulikuwa unajua moyo wako umechoka, ukanyamaza, ukakaa unanicheka kwa mandazi? Kwa nini hukuniambia wewe mwenyewe, kwa mdomo, tulikuwa tunakula meza moja! Naona hasira, Baba. Halafu nasoma tena mstari ule wa mwisho, na hasira yote inanirudia mimi.

Najua ulilitoa wapi neno lile. Nilikuwa na miaka kumi na sita, likizo, umenipeleka ofisini nisaidie kunakili matokeo kwenye daftari kubwa la chuo. Nikamwandikia mtu maksi za mwenziwe. Nikaogopa, nikachukua wembe nikaikwangua ile namba, nikakwangua, karatasi ikatoboka. Sikulala. Asubuhi nikakwambia mwenyewe kabla hujafungua daftari. Hukunipiga, hukunigombeza. Ulilinyanyua lile jani dirishani, mwanga ukapita kwenye tundu, ukasema, "Unaona? Karatasi imetoboka, na kosa bado liko." Ukanionyesha kazi inavyofanywa: unapiga mstari mmoja tu, mwembamba, lile kosa libaki linasomeka. Unaandika lililo sahihi juu yake. Unatia saini yako, kila mtu ajue ni nani aliyekosea na nani aliyesahihisha.

Tangu siku ile ukaniamini. Mwili wako ndio uliokuja kuilipia imani hiyo.

Aliyezikwa hafukuliwi. Nimemuuliza sheikh hata hivyo, bila kumwambia sababu, akatikisa kichwa. Sina la kufanya juu ya tope lile. Na wembe ninao, Baba, sikufichi. Karatasi yako naweza kuichoma kwenye jiko la gesi, Kaka asijue, watu wa jimbo wasijue, na mimi niendelee kuitwa mtoto aliyetimiza wasia. Jana nzima niliitazama ile karatasi na lile jiko.

Leo nimeitoa ile nakala ya faksi niliyoiweka. Nimepiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yanasomeka bado. Juu yake nimeandika: "Si kweli. Baba hakuusia hivi. Nilisema mimi, kwa kuwa nilimtaka kwangu." Nimetia saini, jina langu, lako, na la babu.

Sitaipeleka kwa faksi. Skuli ya Salma ikifunga tutapanda ndege, nitakaa kwenye ile sebule mbele ya Kaka na mbele ya wazee wako, wote, na nitaisoma karatasi yako kwanza, kisha yangu. Wakinifukuza, nitatoka. Kisha nitakwenda kwa mama, nitakaa pale kwenye nafasi yako iliyo tupu, nimwambie mimi ndiye niliyekuzuia. Na Jumapili nikiwa huku nitakuja kwako, tope au jua, sikuachi peke yako na kijiti.

Nisamehe, Baba. Kwaheri. Nimekosa, na kosa linasomeka, lakini karatasi safari hii haikutoboka.

Mwanao,
Zuwena