Kaburi la Mama Yako Aliye Hai

Mwalimu Rukia,

Nimechukizwa, na sina mwingine wa kumwandikia atakayeelewa kwa nini. Hapa Bagamoyo wanadhani kinachoniudhi ni kaburi. Kaburi ni matokeo. Mimi nimechukizwa na sharti.

Programu uliyoiandikia jumuiya yetu ya kuzikana bado inafanya kazi, ile inayowatumia wanachama wote ujumbe mtu anapofariki. Uliiandika kwa lugha ya JavaScript mbele yetu sisi wanafunzi wako, na sharti lake lilikuwa fupi:

if (familiaImearifu && mwoshaAmethibitisha)

Familia iwe imetoa taarifa, na mwosha maiti awe amemwona. Yote mawili yawe kweli ndipo ujumbe utoke. Likipungua moja, programu inyamaze.

Ulitufundisha kwa mambo tuliyoyajua tangu madrasa. Mchana wa Ramadhani, mgonjwa au msafiri anaruhusiwa kula. Moja latosha, na hiyo ndiyo alama ya "au", ||. Lakini sala ya adhuhuri inataka udhu na wakati; mwenye udhu kabla ya wakati angoje, na hiyo ndiyo alama ya "na", &&. Aliyejibu kwa pupa ulimwambia, "Wewe umeshasali adhuhuri, na jua ndiyo kwanza linachomoza!" Tulicheka sote, hata mimi mwalimu mstaafu wa hisabati, na Shabani alicheka kutushinda.

Ni huyo huyo Shabani. Ulipotutoka, jumuiya ilimkabidhi programu yako kwa kuwa ndiye katibu. Akalalamika kwamba && inachelewesha: mtu anafariki asubuhi, anazikwa alasiri, na ndugu wa Kerege wanapata habari watu wameshatoka makaburini. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Ilihitaji mwosha apigiwe simu mapema, basi. Yeye akafuta && akaweka ||, kisha akajisifu barazani kwamba ameiongezea kasi.

Siku moja mama yako akazimia uani akianua nguo. Mjukuu wake Salma alipomwita asiitike, alishika simu akaarifu kifo kwenye programu huku analia. Simlaumu, aliogopa. Sharti lako liliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeogopa. Lingemsubiri mwosha, na mwosha angemkuta mama yako anaomba maji. Sharti la Shabani halikumsubiri mtu; ujumbe ukawafikia wanachama wote.

Nilipofika, wanawake walikuwa wameshatoa makochi na kutandika mikeka, naye mama yako amekaa katikati yao anakunywa uji. Mjomba wako, Mzee Saidi, akaingia kutoka Fukayosi, sanda kwapani, uso umelowa. Mama yako alimtazama, akasema, "Shikamoo, kaka. Hiyo umemletea nani?" Mzee alikaa chini pale pale mlangoni.

Na kaburi, Rukia. Walilichimba pembeni yako. Nilikwenda kusimamia lifukiwe, nikakuta udongo wako umekanyagwakanyagwa kwa ajili ya... Niache hapo.

Shabani alikuja baadaye. Nilitaraji aibu. Akasema, "Mzee wangu, si yu hai? Tatizo liko wapi sasa?" Kisha akamgeukia mama yako: "Bibi, umeona tunavyokupenda? Umejaza watu!" Wapo waliocheka. Asiyejua tofauti ya "na" na "au" hufundishwa. Shabani aliijua, akaona haina thamani.

Mama yako hakucheka. Aliweka bakuli chini, akauliza, "Siku nitakapokufa kweli, nani atakuja? Watasema, bibi yule kazoea."

Nimeirudisha && kwa mkono wangu, na kamati imekubali isiguswe tena. Haitoshi. Sharti sasa ni sahihi, lakini Mzee Saidi ameapa kwamba ujumbe wa simu hatauamini tena, na siwezi kumwambia amekosea.

Basi nakuahidi hivi. Siku hiyo ikifika nami nikiwa hai, nitamsubiri mwosha atoke chumbani aniambie. Kisha nitakwenda Fukayosi mwenyewe, nipige hodi, nimwambie mjomba wako kwa kinywa changu, nisimame mlangoni pake mpaka aamini. Mama yako hatazikwa bila kaka yake.

Mola akupe nafasi na nuru huko uliko, mwalimu wangu. Udongo wako nimeusawazisha.