Kicha cha Funguo cha Baba

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya useremala.
Jumamosi, 9 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na nyingine tena ya kuziba pengo la mwezi mzima niliokaa kimya. Nina habari inayotaka kunipasua kifua, lakini najua ukikuta habari kabla ya salamu utaikunja barua na kuirudisha kwenye bahasha. Basi nauliza kwanza: goti linaendeleaje? Ile miwani mpya inakufaa, au bado unasoma kwa kunyoosha mkono? Na mume wako, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri isipokuwa juzi na jana, na sababu utaiona.

Haya, salamu zimetosha. Shangazi, kaa chini!

Unakumbuka nilikwambia kwamba ofisi yetu ya kamusi ilinichukua kwa majaribio, na kwamba wataniajiri nikifanikiwa kulikamilisha neno moja peke yangu? Walinipa neno la Kiingereza, bunch. Nilicheka. Neno dogo hivyo, nikajua nitalimaliza kabla chai haijapoa. Wapi! Mwingereza vitu vyovyote vikishikana pamoja anaviita hivyo hivyo, ziwe ndizi, maua, funguo, hata wahuni wa mtaani. Sisi kila kitu kina lake. Ndizi zina mkungu, ukiugawa unapata vichane. Zabibu zina kichala, maua shada, kuni tita, nyuki bumba, wahuni genge. Nilikuwa naandika huku nacheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sasa ofisi yetu ina sheria moja ngumu. Hakuna maana inayoingia kwenye kamusi mpaka uwe umemsikia mtu akiisema kwa kinywa chake. Unaandika kadi: kasema nini, ni nani kwa kazi yake, wapi, siku gani. Mhariri wetu tumempachika jina la Bwana Nani-Kasema, maana hana swali lingine duniani. Kwa hiyo nilizunguka wiki tatu na kadi mfukoni. Muuza maua wa mlango wa hospitali aliniambia, "Shada moja au mawili, dada? Mgonjwa wako ni wa kupona au wa kuagwa?" Nikaandika mbio mbio na bado nikalazimika kununua.

Ikabaki kadi moja tu, ya funguo. Sisi nyumbani tumekua na kelele za Baba kila asubuhi, "Nani kagusa kicha changu cha funguo?" Lakini wazee wa ofisi walisema kicha wanakijua cha mboga tu, cha funguo hawajakisikia. Nilitakiwa nilete fundi kufuli, na fundi kufuli ninayemjua mimi ni kaka yako.

Na kaka yako unamjua akinuna. Tangu nilipoacha kazi kwenye karakana yake ya kufuli nikaenda kwenye hayo anayoyaita makaratasi, miezi saba ilipita hatusemezani. Jumanne ya wiki hii nilikwenda. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona ameinamia jiriwa iliyobana ufunguo, anausugua kwa tupa, mabega yamepungua. Shangazi, sikuthubutu kuvuka. Punde akaiacha jiriwa akaingia ndani; nikasimama pale kama dakika ishirini, kisha nikarudi ofisini nikafanya kosa. Niliandika maneno yake kutoka kichwani, nikaweka na tarehe: Jumanne, karakanani, fundi kufuli. Nilijisemea kwamba kwani ni uongo? Si kila siku anasema?

Alhamisi ikafika kikao cha kusoma. Wazee watatu, Bwana Nani-Kasema, na mimi nimesimama mbele na gauni nililoazima kwa jirani yako. Maana zote zikapita! Moja baada ya nyingine! Nilishaanza kuona jina langu kwenye orodha ya waajiriwa. Kisha wakafanya kama wanavyofanya kila kikao, wanafumba macho na kuchomoa kadi moja, na shahidi wake anaitwa aje athibitishe. Ikatoka ya Baba. Tarishi akatumwa kumfuata.

Baba akaja na sanduku lake la vifaa, akidhani tuna kufuli bovu. Alitazama mlango kwanza, akakitikisa kitasa, akaona ni kizima. Hapo ndipo akaniona.

Walimpa kadi. Akavaa miwani, akaisoma, akairudia. Nilikuwa namwomba kwa macho aseme ndiyo tu, neno moja, yaishe.

"Maneno ni yangu," akasema. "Siku siyo. Jumanne ile huyu mwanangu hakuja. Alisimama ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Nikaacha kazi nikamngoja avuke, hakuvuka."

Shangazi, nililia. Mbele ya wazee wale wote nililia kama mtoto, wala sikuona haya. Alikuwa amenisubiri! Mimi nikidhani hataki hata kuona kivuli changu, kumbe naye alikuwa amesimama ndani ananihesabia hatua.

Nikakiri kila kitu. Bwana Nani-Kasema aliichana kadi mara mbili na kuitia kwenye pipa. Nikajua kazi imekwenda. Basi kaka yako, ambaye hajawahi kupenda kitu chake kitupwe, akapandisha mori.

"Mbona mnachana? Nyie mnataka kujua watu wanasemaje, au mnataka kumwadhibu mtoto?"

"Tunataka mtu aseme, nasi tusikie, fundi," akajibu Bwana Nani-Kasema.

Akachomoa funguo kutoka mfuko wa aproni akazibwaga mezani, chai ya watu ikamwagika. "Haya, sikieni. Hiki ni kicha cha funguo. Huu wa mlango wa mbele, huu wa karakana, huu wa chumba chake. Mama yake anakifagia kila siku na hakuna anayelala humo." Kisha akanigeukia. "Chukua, ni chako. Mimi changu ninacho."

Kalamu zote nne zilikuwa zinakimbia! Bwana Nani-Kasema mwenyewe aliandika kadi kwa mkono wake, na akamwomba Baba ataje tarehe.

Nisikufiche: sikuajiriwa. Kwa kutunga kadi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, na kila nitakachoandika kitasomwa na watu wawili. Ni haki yangu, nilistahili zaidi. Lakini neno limepita, na jana nimekula nyumbani. Mama aliimba jikoni tangu nilipoingia. Baba alininunia kidogo kwa sababu ya mazoea, kisha akaniuliza neno linalofuata ni lipi, na tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Nisalimie mume wako, umwambie aache kukohoa kwa makusudi ili apate asali. Mbusu binamu yangu kitindamimba, na jirani yako mshonaji mwambie gauni lake lilinikaa vizuri hata wakati wa kulia. Mungu aliimarishe goti lako utujie mwaka huu ukitembea bila fimbo. Mama anakukumbatia.

Na Baba anakusalimu sana. Hizi ametoa mwenyewe, Shangazi. Zile salamu zake katika barua zangu zote za miezi saba nilizitunga mimi. Nisamehe.

Mwanao akupendaye hata anapokosea,
Kiherehere