Nywele za Mama Mutheu

Alhamisi usiku

Sikujua leo ningebishana na mgonjwa kuhusu nywele.

Mama Mutheu alifika kwa upasuaji wa uti wa mgongo akiwa amesukwa mistari, mipya kabisa, saluni ya Tala. Kazi yangu ni kufuatilia neva za mgonjwa wakati wa upasuaji, kwa elektrodi ninazoweka kichwani na miguuni. Zile za vikombe hushikwa na gundi, lakini kichwa kile kilikuwa na mafuta ya kutosha kukaanga viazi. Kikombe kikiteleza nikiwa natazama skrini, sitajua kama ni waya umetoka au ni neva ya mguu inaumia. Nikachagua zile za sindano zilizojipinda kama skrubu, na nikaomba mistari miwili ifumuliwe.

"Daktari, mimi niko na shida ya mgongo," akasema. "Kichwa kiko sawa."

"Mama, ujumbe wa kuenda miguuni unatoka kichwani."

Akafikiria, kisha akamruhusu binti yake afumue.

Katikati ya upasuaji ishara ya mguu wa kushoto ikapotea. Sindano zangu za kichwani zilikuwa imara, kwa hivyo nikamwambia daktari mpasuaji bila kusita kwamba ni neva. Akalegeza chuma alichokuwa akikifunga kwenye uti wa mgongo. Tukangoja. Ishara ikarudi.

Kabla hajaamka nilimsuka ile mistari miwili mwenyewe, manesi wakinicheka. Sijui nilifikiria nini.

Alipoamka nilimwomba asogeze vidole vya miguu. Akavisogeza vyote. Halafu akapapasa kichwa.

"Miguu iko sawa," akasema. "Hii nywele ndio imepooza."