Jumanne Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akiniambia nisianze na maelezo marefu. Sisi hatujambo. Mgongo wangu hulalamika asubuhi na kunyamaza ikifika saa nne, na kwa umri huu hiyo naiita afya. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au umeificha kabatini na kumwambia daktari imekwisha? Nakujua. Nisalimie wanao na wajukuu, hasa yule mdogo anayeniita babu kwenye simu kisha anakimbia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ungecheka na kuniita Profesa, kama unavyoniita tangu nilipokueleza, nikiwa na miaka tisa, kwa nini kijiko huonekana kimepinda ndani ya glasi ya maji. Safari hii nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Unajua kwamba tangu nistaafu kufundisha sayansi nimebaki na darasa moja, la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Hukutana Jumamosi alasiri katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, chenye viti vya plastiki na ubao wenye ufa katikati. Mwaka huu wanafunzi walikuwa watano. Mmoja wao ni fundi wa kufuli, mwenye kibanda mkabala na kituo cha mafuta. Ana miaka sitini na miwili, na hii ni mara yake ya tatu kusoma. Mara mbili za mwanzo alifika hadi wiki ya mwisho, akatoweka. Mkewe ndiye anayepanga maua kanisani. Alimwambia wifi yako kwamba siku hizi anamwombea mumewe huku akikata mashina, ndiyo maana maua ya kanisa yanazidi kuwa mafupi.

Fundi huyu hupenda kuuliza. Nilipofundisha kwamba mtu ana mwili, nafsi na roho, alitaka kujua roho inakaa upande gani, ili aache kuitafuta upande mwingine. Nilimweleza kwamba mwili ndio unaoigusa dunia, nafsi ndiyo inayopenda na kukasirika na kukumbuka, na roho ndiyo iliyofanywa imjue Mungu. Kwa mtu ambaye hajazaliwa mara ya pili roho ipo, lakini ni kama chumba kilichofungwa ndani ya nyumba: watu wanaishi, wanapika, wanagombana, na mlango ule hawaugusi. Kuzaliwa upya ni Mungu mwenyewe kuufungua na kuingia. Fundi aliandika yote hayo katika daftari analoandikia vipimo vya funguo. Kisha akauliza huo mlango hufunguliwa saa ngapi.

Hapo ndipo penye tatizo. Kanisani kwetu, kabla ya ubatizo, kila mtu husimama na kueleza alivyozaliwa mara ya pili. Hakuna kanuni ya kutaja siku, ila wote huitaja kwa kuwa mwalimu wao huitaja. Kila mwaka mimi hufungua darasa kwa ushuhuda wangu: ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, katika maabara ya shule, nikiosha mirija ya vioo. Kinyongo nilichokuwa nacho juu ya mkuu wa shule kikaniondoka ghafla, nikasimama maji yakifurika kwenye sinki, nikijua kwamba chumbani simo peke yangu. Watu hutoa leso. Miaka thelathini na moja, Dada, leso zinatoka palepale.

Wiki tatu zilizopita fundi alikuja nyumbani kunirudishia kitabu cha mafundisho, amekifunga kwenye gazeti. Alisema haji tena, na safari hii si kwa mwaka mmoja. Alisema mimi nina Jumanne yangu, yeye hana hata Jumatatu, na kufuli ama limefunguka ama halijafunguka. Hawezi kusimama mbele ya watu akadanganya. Wifi yako alimpa chai, hakuinywa.

Kesho yake nilimfuata kibandani, nikibeba kufuli la stoo yetu lililoshikwa na kutu, nipate kisingizio. Alilitia mafuta, akaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, akaliweka kando na kuendelea kuchonga ufunguo. Huku akichonga alinieleza kwamba kwa miaka kumi alikuwa akizunguka mtaa mzima asipite mbele ya duka la fundi mwenzake aliyemnyang'anya wateja. Siku moja akashtuka kuona amekuwa akipita pale kwa wiki kadhaa, na kumsalimu, na kumuulizia watoto. Hasira ilikwisha lini, hajui. Vivyo hivyo alijikuta anaomba akiwa kazini, hakumbuki alianza lini. Alinieleza haya kama mtu anayeungama kwamba amefeli mtihani.

Alipolichukua tena lile kufuli likafunguka, nilimuuliza ni tone lipi la mafuta lililolifungua. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto. Akasema mtu mzima haulizi hivyo, huuliza kama linafunguka. Akanipa kufuli langu na kumgeukia mteja mwingine, wala hakujua alichonifanyia.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka, ingawa wewe umelijua siku zote. Jumanne ile si yangu. Mimi sikuwahi kuwa na Jumanne. Ni yako, ya chumba cha kufulia cha hospitali, ukipiga pasi mashuka. Ulinisimulia jioni ile tukiwa tumekaa kizingitini, mimi tu, kwa sababu kigugumizi kilikuzuia kusimama kanisani. Mwezi uliofuata niliitwa mbele kushuhudia. Nilikuwa mwalimu mpya, mwenye tai, na sikuwa na la kusema. Nikachukua lako. Pasi nikaifanya mirija. Nilidhani ni mara moja tu.

Na kinyongo chako kilikuwa juu ya baba, aliyekutoa shule ili nisome mimi. Hata hicho nilikichukua, nikambandika mkuu wa shule ambaye hakunikosea kitu.

Mwaka ule ulipotutembelea ulikaa karibu na wifi yako, ukanisikia. Baada ya ibada ulininyooshea kola, ukauliza kama kuna chai iliyobaki. Sikupata usingizi siku nyingi kwa sababu ya kola ile, na bado niliendelea.

Jumamosi iliyopita niliwaambia ukweli wanafunzi wote, mchungaji akiwepo, na fundi pia, niliyemwomba aje mara hii moja tu. Sikukutaja jina. Fundi akauliza kama hiyo ina maana mimi na yeye tupo darasa moja. Nikasema ndiyo. Akasogeza begi lake kutoka kwenye kiti cha jirani, akasema basi nikae. Jumapili ijayo ataingia majini, na atawaambia watu kwamba haijui siku yake. Mchungaji ameniomba niache kufundisha kwa muda, nami naona ni haki.

Nimebaki na swali moja, na ni wewe pekee wa kulijibu. Nilipozaliwa ulikuwa na miaka saba, umekaa nje ya mlango wa chumba cha mama, mvua ikinyesha, nawe ndiye wa kwanza kunisikia nikilia. Mimi sikumbuki chochote, lakini sijawahi kutilia shaka kwamba nilizaliwa, kwa kuwa ulikuwepo. Basi niambie: katika miaka yote hii, umewahi kunisikia mara ya pili? Usinionee huruma. Kama bado, kiti changu kipo, karibu na begi la fundi.

Jumanne yako nakurudishia. Ni nzuri kuliko nilivyoisimulia. Uliniambia kwamba kabla ya kupiga magoti ulimalizia kwanza shuka lile, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa aliyelingoja. Miaka yote hiyo sikupata pa kuliweka katika maabara yangu.

Wifi yako anasema uje goti likikuruhusu, na uilete ile dawa tuione. Wabusu wajukuu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa