Binti Ameliweka Jina Langu Mkiani

Mpendwa mshauri, shikamoo yako nimekwisha kuipokea kabla hujaitoa maana nimekuzidi umri, naomba msaada ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, uliza Mbuji nzima ni nani mwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, zilizokaa vizuri mlimani na ni nani aliyewatimua wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani yao ya uongo, watakutajia Bartholomayo Kapinga, na jina hilo uliandike wazi usilifiche. Kusoma nimejifunza ukubwani, sisomi sana, lakini jina langu nalitambua hata likiwa mbali, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Nina binti, Aurelia, yuko Ulaya, anachunguza vijumbe vya protini ambavyo ubongo unavituma mwilini, eti kila seli ina mlango wake, kijumbe kikifika kinagonga, na huko ndani wanapashana habari mpaka mwili unatenda, nikamwambia mwanangu, mimi nikiona njaa nasema njaa, sina haja ya tarishi. Kila utafiti wake ukichapishwa kwenye majarida ya huko ananiletea nakala, nami natembea nayo. Zamani jina lilikuwa la kwanza kabisa, KAPINGA, nikawaonyesha watu mpaka Liuli ziwani. Baadaye likaanza kushuka, likawa katikati, na sasa kila karatasi liko mwisho, nyuma ya vijana wa Kizungu ambao nasikia ni wanafunzi wake. Mwalimu Cuthbert, mstaafu asiye na kazi, akayasoma majina yote kwa sauti kwenye mashine ya kukoboa kahawa, akasema, "Mzee Kapinga, mbona mwanao anashika mkia?" Watu wakacheka mpaka wakaegemea magunia.

Mimi kanisani ndiye mbeba msalaba, natangulia maandamano yote, sijawahi kutembea nyuma ya mtu, sasa jina langu, maana ni langu si lake, linaburutwa. Nikamwandikia asikanyage nyumbani mpaka alirudishe mbele. Akajibu, "Sawa baba, sitakuja." Na mke wangu Tadea naye anasema kwenye jubilei ya ndoa yetu, ambayo nimeitangaza hata Tingi, hatasimama nami altareni kama Aurelia hayupo, nisimame na msalaba wangu. Mshauri, mwambie huyu mama atii, na mtoto nimlazimishe vipi?

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo tena mzee Kapinga, kama ile ya kwanza haikutosha.

Pole kwa kuchekwa, Mwalimu Cuthbert hakufanya uungwana. Lakini wewe na yeye mmekosea wote wawili, ila yeye angalau hakumfukuza mtoto wa mtu. Nimewauliza watu wa chuo kikuu wanaofanya utafiti wa namna hiyo. Jina la kwanza ni la aliyeshinda maabarani akiifanya kazi yenyewe, mara nyingi ni mwanafunzi. La mwisho ni la mwenye maabara, yule anayewaongoza wengine. Binti yako alianza mbele kwa sababu alikuwa anajifunza. Amefika mwisho kwa kupanda. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hao vijana ni wanafunzi wake. Jibu ulikuwa nalo mkononi ukalipita.

Tena wewe, mbeba msalaba. Askofu akija kutoa kipaimara, anatembea wapi kwenye hayo maandamano? Mwisho kabisa, nyuma ya watumishi wa altare. Umewahi kumwambia kwamba anashika mkia?

Aurelia anasema seli, kitu kisichoonekana kwa macho, ikigongewa mlango inasikia. Wewe mwanao amekugongea kwa kila nakala aliyokuletea, ukabaki kutafuta jina lako.

Mama Tadea simwambii kitu, ana haki. Wewe nenda posta. Mwandikie binti yako barua kwa mkono huo huo uliomfukuza, na usiweke kahawa wala wanunuzi ndani yake. Andika kwamba ulikosea na unamtaka nyumbani, kisha kunja karatasi kabla hujaanza kujisifu. Cuthbert usihangaike naye, atasoma haya hapa gazetini, kwani jina lako nimeliandika wazi kama ulivyoagiza.

Siku ya jubilei msalaba mpe mwingine. Wenye jubilei huandamana nyuma, karibu na padre, na Aurelia atakuwa ametangulia mbele yenu. Ukifika altareni bila kulalamika kwamba umewekwa mkiani, nitaamini umeelewa.