Penseli Pembeni mwa Daftari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana moyo wangu unataka kitu ambacho kichwa changu kinakikataa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, kazi yangu ni kuzunguka madukani nikiandika bei za bidhaa kwa ofisi ya takwimu, na miaka kumi na tano nimeandika kwamba bei imepanda bila kujua kwa nini, na hicho ndicho ninachokitamani, kujua, nakitamani mpaka nawaonea wivu wanaoandika ripoti. Niliomba kusoma shahada ya uzamili ya uchumi, mhadhiri akaniambia huko ni hisabati tupu, nikajiandae kwanza kwa mtihani wa kujiunga, na sasa imebaki miezi minne. Nimenakili mifano yote ya vitabu pamoja na majibu, madaftari matatu yamejaa, nikisoma naelewa kila mstari, lakini nikifunika jibu nakuwa kama sijawahi kuona namba. Nayaficha chini ya godoro, kwa sababu binti yangu yuko kidato cha nne, hisabati kwake ni mchezo, na mimi ndiye ninayemgombeza kila siku asome. Juzi nilifungua daftari nikakuta pembeni mwa swali nililojaribu mwenyewe, kwa penseli, mwandiko wake: "Mama, hapa ni kutoa, si kujumlisha." Hajasema neno, nami sijasema, tunapishana jikoni kama wapangaji. Je, niache?

Mama wa Madaftari

Mama wa Madaftari, pole, na sasa nisikilize. Kunakili majibu ni mazoezi ya mwandiko, na sina shaka wako ni mzuri. Uliielewa mistari ile kwa sababu mtu mwingine alishaifikiria. Chukua karatasi tupu na swali moja, funika jibu, ukae nalo nusu saa hata kama hupati kitu. Anza na aljebra ya sekondari, ndipo uende kwenye kalkulasi. Vitabu vinene vya chuo vitakusubiri.

Hili la binti ndilo limenikera. Amekuta siri ya mama yake, hakucheka, hakumtangazia mtu, akachukua penseli badala ya kalamu ili ukitaka ufute. Ulitaka akuheshimu vipi zaidi? Wewe unayetamani kujua kwa nini bei inapanda umeshindwa kumuuliza mwanao kwa nini ni kutoa. Mtihani utaufanya, na ukifeli utaurudia mwakani. Ila leo, akirudi shule, weka daftari mezani, mvutie kiti, umwambie: "Nionyeshe."